Mkono wa Kufungulia Duka

Zuleha aliibonyeza swichi kwa mara nyingine, na kompyuta ikamfanyia yale yale. Kitaa cha kijani kikapepesa, feni ya nyuma ikajitikisa kidogo kama inataka kuzunguka, kisha kimya. Mbele ya meza yake walisimama wateja wawili, katekista mmoja kutoka Nyakitonto na mama mwenye barua ya kesi ya shamba. Wote wawili hawakuwa wakiitazama mashine. Walikuwa wakiitazama mikono ya Zuleha.

Hilo ndilo lililomchoma. Mashine ikimkatalia mtu mwingine, watu huikagua mashine, wakatafuta waya uliochomoka, wakaigonga ubavuni. Ikimkatalia Zuleha, walitazama mkono.

"Rudini adhuhuri," akawaambia. "Asubuhi kuna baridi, huwa inachelewa kuamka."

Katekista akaitikia kwa adabu, yule mama akafunga barua yake kwenye pindo la kitenge, wakatoka. Nje aliwasikia wakinong'ona. Hakuhitaji kusikia maneno yenyewe, alikuwa anayajua kwa moyo.

Kasulu nzima ilijua habari za mkono wa Zuleha, na aliyeijulisha Kasulu ni Hashimu, aliyekuwa mumewe, mwenye duka la jumla lililopakana na kichumba chake. Walitengana kwa ukuta mmoja wa matofali ya kuchoma. Akikohoa Hashimu, Zuleha anasikia. Akicheka, anasikia zaidi.

Babake Zuleha alikuwa mtu wa Ujiji, aliyepanda milimani na chumvi ya Uvinza na dagaa, akaoa Muha wa Nyakitonto, na hakuteremka tena. Zuleha mwenyewe alikwenda Tabora kujifunza kupiga chapa, akarudi akaajiriwa mahakamani, na vidole vyake vilikuwa na mbio ambazo makarani walikuwa wanakuja kuzitazama. Hashimu alimwona hapo, akapeleka posa. Wakaanza na kibanda cha kuuza mafuta ya taa na viberiti, wakaishia na duka la milango miwili.

Sasa, wafanyabiashara wa mji ule wana jambo lao, na ukiwacheka watakuambia wewe ni maskini ndiyo maana hulijui. Duka halifunguliwi na mkono wowote. Yuko mtu mmoja nyumbani ambaye mkono wake una heri, na huyo ndiye hupewa ufunguo. Yeye hufungua kufuli asubuhi, hufagia kizingiti, hupokea senti ya mteja wa kwanza. Miaka yote ya ndoa mkono huo ulikuwa wa Zuleha. Mali ilipokuwa inaingia hakuna aliyesema imeletwa na mkono wa mtu, ilisemwa kuwa Hashimu ana akili ya biashara. Siku mali ilipoanza kutoka, hapo ndipo mkono ulipoonekana.

Kwanza pikapu ya Hashimu ilipinduka kwenye mteremko wa Nyakitonto na mzigo mzima wa mahindi. Kisha maharage yaliyojaa stoo yakaoza kabla hayajapata lori la kuyachukua. Hashimu akakaa barazani akafikiri, au tuseme akakaa tu, kisha akaingia ndani na kumnyooshea Zuleha kiganja.

"Lete ufunguo, Mama Hamis. Mkono wako umeingia nuksi."

Zuleha alidhani ni hasira za siku moja. Kumbe ufunguo ulikuwa mwanzo. Talaka ilifuata kabla mvua hazijakatika, na baada ya mvua akaja Asia, binti wa Kibondo, mwembamba, mwenye macho ya kutazama mambo bila kusema. Ufunguo akapewa Asia.

Zuleha hakulia mbele ya watu. Shehe na wazee walipokaa kuamua apewe nini cha kumtoa nyumbani, wao walikuwa na habari za magodoro na sufuria. Yeye akasema hataki godoro. Anataka kile chumba cha mwisho kinachotazama barabara, na uzi mmoja wa umeme kutoka kwenye jenereta la duka, maadamu jenereta linazunguka. Wazee wakatazamana. Mjini hapakuwa na umeme mwingine ila wa mwenye jenereta lake. Hashimu akakubali upesi, maana uzi kwake ulikuwa kitu kidogo, na alidhani mwanamke atawasha taa moja tu akae chini yake akijuta.

Badala yake Zuleha aliuza bangili zake, na shirika moja la misaada lilipofunga ofisi yake ya kambi ya wakimbizi na kuuza vyombo, akanunua kompyuta. Mwaka ule, tisini na nane, kompyuta Kasulu zilikuwa za wazungu na za mapadri. Ya mwanamke aliyeachwa ilikuwa moja tu. Akaandika juu ya mlango kwa rangi nyekundu, ZULEHA KOMPYUTA, kwa herufi kubwa kuliko za duka la Hashimu. Hiyo ilikuwa nusu ya kisasi. Nusu nyingine ilikuwa kila mtu aliyepita na kuona kioo kikiwaka, na mkono wenye nuksi ukitoa barua safi isiyo na kufutwafutwa. Usiku alilala akiwa ameshiba hata kama hajala.

Ukaja mwezi wa sita na baridi yake, na kompyuta ikaanza vituko.

Asubuhi haiwaki. Unabonyeza, inapepesa, inazima. Unabonyeza tena mpaka kidole kinauma. Kufika adhuhuri, ghafla inaitika kama hakijatokea kitu. Zuleha alibadilisha waya wa ukutani. Akachomeka kwenye tundu jingine. Akalisogeza boksi mbali na dirisha, akalifunika blanketi kama mtoto mwenye homa. Wapi. Na kila asubuhi wateja walisimama pale wakihesabu vidole vyake.

Upande wa pili wa ukuta Hashimu alisema kwa sauti ya kusikika, "Mimi nilisema mapema. Mashine nayo ina damu, inamjua mtu."

Kwa siku nyingi Zuleha alitafakari jambo moja. Kwa nini adhuhuri? Na jibu likamjia akiwa amekaa na kikombe cha uji. Adhuhuri ndiyo saa Hashimu anayotoka kwenda msikitini! Asubuhi yupo, anazunguka uani, jenereta liko palepale kwenye kibanda cha mabati, na lina ule mkono wa kuongezea na kupunguzia mwendo. Anaupunguza, moto wa umeme unafika kwa Zuleha mchovu, kompyuta inakataa. Akienda kuswali hakuna wa kuchezea, moto unakuja wote, kompyuta inawaka. Zuleha aliweka kikombe chini. Aliuona uovu wote umekaa mbele yake kama sinia la wali. Si talaka tu, si ufunguo tu, bali na uzi alioupata mbele ya shehe huyu bwana anautia sumu.

Akamwapia moyoni kwamba atamlipa.

Siku hizohizo akaja mwalimu mkuu wa shule ya Nyakitonto, Mwalimu Ndayikunda, mtu mzima mwenye koti la sufi na salamu ndefu za Kiha.

"Mwakeye, Mama Hamis."

"Twakeye, Mwalimu. Karibu."

Alibeba mitihani ya majaribio ya shule zote za tarafa. Zamani ilipigwa kwa mashine ya kawaida na kurudufiwa kwa wino unaochafua mpaka mashati ya watoto. Safari hii alitaka ya kompyuta. "Wenzangu wamenikataza," akasema, wala hakuona haya kusema. "Wanasema mkono wako una jambo. Mimi nimewaambia mtihani haupigwi kwa heri, unapigwa kwa vidole. Usiniangushe. Jumatatu asubuhi naupeleka."

Zuleha akaipokea ile mitihani kwa mikono miwili. Alijua alichokabidhiwa. Karatasi zile zikienda shule zote za tarafa zikiwa safi, walimu wote watauliza nani kapiga, na jina lake litapanda milima yote kabla ya mwisho wa wiki. Hashimu angekula maneno yake bila mchuzi. Lakini zikishindikana, basi, aende akalime Nyakitonto kwa mjomba wake.

Siku ya pili yake kompyuta ikakataa asubuhi, ikakataa adhuhuri, ikakataa alasiri.

Akamwita Reverien. Huyu alikuwa mkimbizi kutoka Bujumbura, aliyewahi kufanya kazi ya mitambo ya redio kwao, na siku za soko alitoka kambini akakaa nje ya mgahawa akitengeneza redio za watu. Alikuja na mkoba wake na bisibisi tatu, akasikiliza malalamiko yote ya Zuleha kuhusu Hashimu na ule mkono wa jenereta mpaka mwisho, bila kukata.

"Sawa, mama," akasema. "Basi tuulize moto kwanza."

Akachomoa kompyuta, akachomeka taa kwenye tundu lilelile. Taa ikawaka nyeupe, imetulia. Akachomeka redio kubwa, ikaimba bila kukwama. Akaacha vyote viwili vikiwaka, akatoka mpaka mlangoni akamwona Hashimu amekaa barazani kwake, mbali na jenereta, anakunywa kahawa.

"Moto iko muzuri, mama. Hashimu iko inakunywa kahawa."

"Leo amekuona wewe umekuja."

Reverien akairudisha kompyuta kwenye tundu. Akachomoa kioo, akabonyeza, boksi likapepesa na kuzima. Akalifungua. Ndani kulikuwa na vumbi jekundu la Kasulu la kutosha kupandia mchicha. Akapuliza, akafuta, kisha akaanza kuchomoa vitu kimoja kimoja, mashine ya disketi, kile kinachohifadhi kazi, kadi moja baada ya nyingine, na kila alipochomoa alibonyeza tena. Alikuwa anamtafuta aliyewazuia wenzake. Mwishowe ndani hakukubaki kitu cha maana isipokuwa ubao wenyewe na kile kisanduku cha bati kinachopokea umeme kutoka ukutani. Akabonyeza. Feni ikajitikisa, ikalala.

Akaweka pua kwenye matundu ya kile kisanduku, akanusa. Akamulika kwa tochi.

"Njoo uangalie. Unaona vile vipipa vidogo? Vichwa vyao vimevimba. Hii ni alimantasyo, mama, ndiyo inalisha mashine yote chakula. Imezeeka. Ikiwa baridi haina nguvu ya kuanza. Jua likipanda juu ya mabati, chumba kikipata joto, inajikaza, inawaka. Na sasa imechoka kabisa. Hata adhuhuri haiwezi."

"Adhuhuri ni Hashimu akienda msikitini."

"Adhuhuri ni jua, mama."

Ukweli ulikuwa umesemwa mbele yake, waziwazi, na mtu asiye na sababu ya kumdanganya. Lakini moyo uliokwisha kuandaa adui haupendi kuambiwa kwamba adui ni vipipa viwili vilivyovimba. Vipipa huvitukani. Vipipa havikukutoa nyumbani.

"Unaweza kuvitengeneza?"

"Hapana. Lakini Kibondo kwa mapadri kuna kompyuta ilikufa kioo na ubao. Alimantasyo yake nafikiri iko nzima. Nitaenda kuomba. Nikiifunga hapa na mashine ikawaka, tutajua kwa hakika. Nikiifunga isiwake, nitarudisha na tutatafuta tena. Jumapili niko hapa." Akafunga mkoba. Mlangoni akageuka. "Mbele ya hapo, mama, usimshike mutu kwa jambo hili."

Angekuwa amemsikia, hadithi hii isingekuwepo. Lakini alasiri hiyohiyo, boksi likiwa wazi mezani kama kuku aliyepasuliwa, alisikia sauti ya Hashimu ukutani akizungumza na mteja. "Mwalimu wa Nyakitonto kampa mitihani! Watoto wa watu watafeli bure." Na kicheko. Kicheko kile ndicho kilichomaliza kazi.

Dawa ya moto ni moto. Alhamisi Zuleha akaingia dukani kwa Hashimu, mlango ambao hakuwa ameupita tangu talaka. Hashimu hakuwepo. Nyuma ya meza alikuwa Asia.

"Shikamoo, dada," akasema Asia. Tangu aolewe hakuwahi kuacha kumwamkia, na Zuleha aliitikia kwa nusu ya mdomo.

"Marahaba. Nipe sukari kilo mbili."

Asia akapima, akamwaga kwenye mfuko wa karatasi. "Kilo mbili! Una wageni, dada?"

"Ninao."

Asia akamtazama kwa yale macho yake, akamfungia.

Ijumaa adhuhuri wanaume wote walikwenda msikitini. Hashimu alikuwa na desturi ya kuzimisha jenereta saa ya swala ya Ijumaa, kwa heshima. Ua ukawa kimya kabisa. Zuleha alikuwa na haki ya kupita uani, maana choo kilikuwa cha wote. Akapita, mfuko chini ya mtandio. Akafungua kifuniko cha tangi la dizeli, akamimina sukari yote taratibu, akaikung'uta na karatasi yenyewe, akafunga. Na nisikufiche, alijisikia vizuri. Alijisikia vizuri kuliko siku aliyonunua kompyuta. Kila chembe iliyozama alikuwa anaipa jina: hii ya ufunguo, hii ya talaka, hii ya kila asubuhi watu wanavyotazama mkono wangu.

Uzi wake je? Aliukumbuka, akaupuuza. Moto wenyewe ulikuwa umetiwa sumu, na mashine imelala. Mfu ana haja gani na taa?

Baada ya swala Asia akalizungusha jenereta kama kawaida yake, kwa sababu kujaza dizeli asubuhi na kulizungusha ilikuwa kazi yake. Likaunguruma vizuri. Zuleha akiwa chumbani akangoja, akasaga meno. Kisha sauti ikaanza kupanda na kushuka. Likakohoa. Likajikaza, likakohoa tena, likazima. Asia akazungusha, akazungusha, mpaka akaegemea ukuta. Halikuitika.

Jumamosi nzima Zuleha alikaa mlangoni pake akisuka ukili na kusikiliza. Friji la soda likaanza kuvuja maji. Maziwa ya Hashimu yakaganda. Wateja wakauliza soda baridi wakaambiwa hakuna. Hashimu alipita na kurudi uani akitukana mabati, na kila tusi lilikuwa tamu masikioni mwa Zuleha. Alipika pilau, mtu mmoja.

Jumapili asubuhi Reverien akateremka kwenye lori la Kibondo, amekumbatia kifurushi cha kitenge. Akaingia anacheka.

"Mapadri walinipa bure, wakaniombea na Mungu."

Akafunga kile kisanduku kipya kwenye boksi, skrubu moja moja. Akarudisha nyaya zote, akarudisha kadi, akafuta kioo kwa mkono wa shati. Alikuwa na furaha ya fundi anayejua kwamba amepata. "Sasa, mama, bonyeza wewe mwenyewe. Mashine ni yako."

Zuleha akanyoosha kidole, kikasimama hewani.

Palikuwa kimya. Hakuna mungurumo uani. Ndipo akili ilipomrudia yote kwa pamoja, kama mtu aliyemwagiwa maji ya kisima. Jumatatu ni kesho. Karatasi za Mwalimu ziko pale kwenye rafu, na kompyuta huenda ni nzima. Lakini moto wa kuijaribu ameuua yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kwa kilo mbili.

"Hakuna moto?" akauliza Reverien.

"Hakuna."

"Tangu lini?"

Kabla hajajibu, ukutani sauti ya Hashimu ikapanda. Haikuwa kicheko. Ilikuwa ile sauti tulivu, ya mtu aliyekaa barazani akafikiri.

"Wewe ndiye uliyejaza dizeli. Wewe ndiye uliyelizungusha. Kabla hujaja lilikuwa linatembea miaka. Maziwa yamekwenda, soda zimekwenda. Sikujua kwamba nimeongeza nuksi juu ya nuksi. Lete ufunguo, Asia."

Zuleha akalisikia neno lile kupitia matofali. Alilijua lilivyo na linakokwenda. Kwanza ufunguo. Kisha mvua zinakatika, na talaka imeandikwa. Akangoja Asia aseme kitu, ajitetee, alie. Upande wa pili hakukusikika neno. Ufunguo ukalia juu ya meza.

Alikuwa anamchukia yule binti. Alikuwa amemchukia kila asubuhi aliposikia mkono mwingine ukifungua kufuli lile. Kama angeomba kisasi kwa Mungu asingeomba kilichonyooka kuliko hiki: mke mpya atoke kwa mlango uleule, kwa neno lilelile. Kimekuja chenyewe hata hajakiomba. Ilibaki kukaa kimya tu.

Akakaa kimya muda wa kumeza mate. Kisha akainuka, akajifunga mtandio kiunoni, akatoka, Reverien akimfuata.

Barazani kwa Hashimu walikuwepo watu, kama Jumapili zote, wanaotoka kanisani wakipitia chumvi na sabuni. Katekista wa Nyakitonto alikuwepo. Mwalimu Ndayikunda naye alikuwa anapanda ngazi na koti lake la sufi, amekuja kuulizia mitihani yake. Zuleha akapita katikati yao mpaka mezani. Akauchukua ule ufunguo, akauweka mbele ya Asia.

"Mama Hamis, toka dukani kwangu," akasema Hashimu.

"Nitatoka. Nenda kafungue chujio la jenereta lako. Utakuta sukari. Kilo mbili, nimeinunua hapahapa, na nimeitia mimi, Ijumaa, ulipokuwa msikitini." Akainua mkono wa kulia, akaugeuza waone kiganja na mgongo. "Ni mkono huu. Utazameni vizuri, maana mmeutazama siku nyingi. Hauna nuksi. Nilitia kwa kusudi."

Katekista akashika msalaba wa shingoni.

"Sikiliza, Hashimu, sijamaliza. Kompyuta yangu ilikuwa haiwaki kwa sababu kisanduku chake cha umeme kilizeeka, fundi huyu hapa atawaeleza. Jenereta lako haliwaki kwa sababu nimelilisha sukari. Na pikapu yako ilipinduka kwa sababu breki zilikuwa mbovu, na dereva alikuambia, ukamwambia apeleke mzigo kwanza. Nilikuwepo. Maharage yaliozea stoo kwa sababu uliyanunua mabichi upate uzito wa mizani ukiyauza. Nilikuwepo pia. Ukakosa ujasiri wa kusema umekosea, ukautafuta mkono wa mwanamke. Sasa umeutafuta wa pili."

Kutoka nyuma mtu akacheka, kicheko kifupi cha puani. Mwingine akamuuliza jirani yake, kwa sauti isiyo ndogo, "Ala! Kumbe maharage yalikuwa mabichi?" Wengi pale walikuwa wamemuuzia Hashimu maharage, na wengine walikuwa wamenunua. Usoni Hashimu alikuwa amevimba. Zuleha alimtazama mpaka akashiba, kisha akatoka kama alivyoahidi.

Hashimu hakumpiga, wala hakwenda polisi, maana polisi wangemwuliza na habari za mizani. Alichukua koleo, akapanda kwenye kiti uani, na mbele ya watu wote akaukata uzi wa Zuleha. Ukaanguka chini na kulala kwenye vumbi. Zuleha akaukusanya, akaukunja vizuri, akaingia nao ndani.

Mwalimu Ndayikunda alikuwa amesimama mlangoni. "Sasa mitihani, Mama Hamis?"

"Jumatatu asubuhi, Mwalimu. Itachafua mashati ya watoto, unisamehe."

Mwalimu akalifunga koti lake la sufi. "Watoto wana sabuni," akasema, akaenda zake.

Reverien akalifunika boksi na kitenge chake cha Kibondo. Siku ile hakuna aliyejua kwa hakika kama alimantasyo ya mapadri ilikuwa nzima. Zuleha akaitoa mashine yake ya zamani ya kupigia chapa chini ya kitanda, akapuliza vumbi, akapachika karatasi ya kurudufia, akaanza. Vidole havikuwa vimesahau. Aliipiga Hisabati yote, akaanza Maarifa ya Jamii.

Alasiri mlango ukatiwa kivuli. Asia aliingia bila kubisha, ameshika birika na vikombe viwili. Akamimina, akasukuma kimoja kuelekea kwa Zuleha, akakaa juu ya gunia.

"Kunywa, dada. Haina sukari."

Zuleha akaacha kupiga. Akamtazama yule binti usoni, labda kwa mara ya kwanza.

"Nilikuona Ijumaa," akasema Asia. "Nilikuwa jikoni, mlango ulikuwa nusu wazi. Uliikung'uta mpaka karatasi."

"Ulijua? Na jana kutwa ukanyamaza? Na leo anakuvua ufunguo, ukanyamaza?"

"Nilitaka nione kama utaniacha."

Chai ilikuwa chungu, akainywa. Baadaye akauliza, bila kuinua macho kutoka kwenye mashine, "Na ningekuacha?"

Asia akapuliza kikombe chake.

"Ningeondoka bila neno, kama ulivyoondoka wewe," akasema. "Lakini kwanza ningepitia hapa na birika hili hili, nikaimiminia kompyuta yako chai yote."